Mkanda wa Gari: Usingoje Uchague Siku Yake



Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona kwa macho, ingawa kinatubeba sisi na watoto wetu kila tunapoteremka kwenda Masasi, kila tunapopeleka mgonjwa, na kila tunapokwenda kuchota maji na madumu nyuma ya gari. Kitu hicho ni mkanda wa taimingi ulio ndani ya injini.

Tunajua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya baba na fundi." Lakini mkanda huu ukikatika, fedha zitakazotoka ni zile zile za ada ya shule, za dawa ya mikorosho na za chakula, na mama wa nyumba anajua fedha hizo ziko ngapi na zinangojewa na nani. Kwa hiyo suala la lini mkanda ubadilishwe, na wapi ubadilishwe, ni suala la mume na mke kukaa pamoja na kuamua. Familia isipoamua, mkanda utaamua wenyewe, nao hauchagui mahali pazuri.

Kazi ya mkanda huu

Wafikirieni wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akiinua mchi, mwenzake anashusha wa kwake. Wakifuata mwendo, nafaka inatwangika upesi na hakuna anayeumia. Mmoja akisita kidogo tu, michi inagongana na kazi inaharibika.

Injini nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake mna pistoni zinazopanda na kushuka, na juu ya pistoni mna valvu zinazofunguka ili kuingiza hewa na kutoa moshi. Pistoni zinazungusha krenki iliyo chini. Valvu zinafunguliwa na kemshafti iliyo juu. Krenki inapozunguka mara mbili, kemshafti lazima izunguke mara moja, isizidi wala isipungue. Katika magari mengi kinachozifanya zifuate mwendo huo ni mkanda wa mpira wenye meno, uliotiwa nyuzi imara ndani yake. Katika injini nyingi za dizeli mkanda huo huo huzungusha pia pampu ya mafuta.

Zamani kazi hii ilifanywa na mnyororo wa chuma au gia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha Glas cha Ujerumani kilianza kuuza magari yenye mkanda wa mpira, na viwanda vingine vikafuata, kwa sababu mkanda ni mwepesi, hauna kelele, wala hauhitaji oili. Ubaya wake ni kwamba mpira huchoka, na ukichoka mara nyingi hausemi. Feni belti hulia. Breki hukwaruza. Tairi huonyesha nyuzi. Mkanda wa taimingi umefichwa nyuma ya kifuniko, na asubuhi ya siku utakayokatika gari huwaka vizuri kama lilivyowaka jana.

Je, gari letu lina mkanda?

Si kila gari lina mkanda. Toyota IST, Vitz, Allion na Premio zinazoonekana kwa wingi barabarani hutumia mnyororo, na RAV4 za petroli zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 pia. Mnyororo haubadilishwi kwa kuhesabu kilometa, ila hutaka oili ibadilishwe kwa wakati wake.

Magari yenye mkanda ni kama Noah za zamani na RAV4 za miaka ya 1990 zenye injini ya 3S-FE, Corolla nyingi za miaka hiyo hiyo, Hiace za dizeli zenye injini ya 3L au 5L, Land Cruiser za injini ya 1HZ ambazo misheni na hospitali nyingi zimezitumia, na Subaru za injini aina ya EJ. Kujua injini yako si kazi ngumu. Mwombe baba watoto au dereva afungue boneti, mtafute kibao kidogo cha bati chenye maandishi, na mnakili jina la injini pamoja na namba ya chesisi. Ukiwa na hayo mawili, fundi yeyote anayejua kazi yake atakuambia kama ni mkanda au mnyororo.

Jina la injini lina faida nyingine. Injini ya 3S-FE imetengenezwa kwa namna ambayo mkanda ukikatika, pistoni haziwezi kuzifikia valvu. Gari litazimika na kubaki pale pale, lakini likivutwa na kuwekewa mkanda mpya huwaka tena. Injini za dizeli ni habari nyingine. Dizeli haina plagi za kuwasha moto kama petroli; huwaka kwa sababu hewa imebanwa sana, zaidi ya mara 20 katika injini kama 3L na 5L. Ili hewa ibanwe kiasi hicho, pistoni hufika juu kabisa, karibu na valvu. Mkanda ukikatika, pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, na kwa bahati mbaya zaidi silinda hedi au pistoni zenyewe huharibika. Hapo bei inayozungumzwa si ya mkanda tena. Wazee walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa nini sisi wa mlimani tujali zaidi

Mtu wa mjini mkanda ukimkatikia atashuka, ataita bajaji na gari litavutwa. Sisi tunaokaa juu ya Uwanda wa Makonde tuna mteremko wa kushuka kuelekea Masasi, na tuna barabara za mchanga zinazopita mashambani, mbali na gereji. Injini ikizimika ghafla mteremkoni, usukani unakuwa mzito na breki zinataka nguvu nyingi zaidi ya mguu. Dereva asiyejua hilo hushikwa na hofu katika dakika ambayo angehitaji utulivu.

Tena kijijini gari la mtu mmoja ni gari la wengi. Usiku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu, mlango unaogongwa ni wa mwenye gari. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, huwasafirisha akina mama na watoto wachanga walio katika hatari, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana hutumia madereva wa jamii. Namba yake ni 115, nayo haina malipo; tafadhali iandikeni ukutani. Lakini dereva wa jamii naye huja na gari lenye injini na mkanda. Mwenye gari anayetunza mkanda wake anawatunza majirani ambao hajui bado kama watamhitaji.

Lini tubadilishe?

Kitabu cha gari ndicho mwenye neno la kwanza. Kwa Toyota nyingi zenye mkanda, muda uliowekwa ni kilometa 100,000. Baadhi ya injini za dizeli za baadaye, kama 1KD, huandikiwa 150,000. Lakini kilometa si hesabu pekee. Mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka hata gari likilala chini ya mwembe. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaja miaka pia, mara nyingi kati ya 5 na 10. Kanuni ni kubadilisha pale moja kati ya hizo mbili inapotangulia kufika.

Sisi wa huku tuongeze busara kidogo. Mkanda huchoka kwa mizunguko ya injini, wala haujui kilometa. Gari linalopanda mchanga kwa gia ndogo likiwa na madumu ya maji au magunia ya korosho huzungusha injini mara nyingi sana huku likienda mwendo mfupi. Kwa gari la kazi za namna hiyo, ushauri wetu ni kutongoja kilometa 100,000 zitimie. Kwenye 80,000 au 90,000 mkanda uwe umeshabadilishwa.

Zipo pia hali zisizongoja hesabu yoyote. Oili ikivuja upande wa mbele wa injini, maji yakivuja kutoka kwenye pampu iliyo nyuma ya kifuniko, au kifuniko chenyewe kikiwa kimevunjika na vumbi linaingia, mkanda ukaguliwe upesi. Oili huulainisha mpira hadi meno yaanze kung'oka. Baadhi ya Toyota za dizeli zina taa ya dashibodi iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka muda ukifika. Isizimwe kwa sababu tu inakera.

Na gari lililonunuliwa likiwa limetumika Japani je? Gereji nyingi za kule zikibadilisha mkanda hubandika stika karibu na injini, ikionyesha tarehe na kilometa. Mwaka unaweza kukushangaza, kwa sababu Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao. Ukikuta mwaka umeandikwa 15, ongeza 1988, utapata 2003. Hiyo ni enzi ya Heisei. Enzi ya Reiwa ilianza mwaka 2019, na kwa hiyo huongezwa 2018. Ukitumia hesabu ya Heisei ukapata mwaka ambao gari lilikuwa halijatengenezwa, basi tumia ile ya Reiwa. Ikiwa hakuna stika, hakuna risiti, na aliyekuuzia anasema tu, "Mkanda ni mpya, mama," basi hesabu kwamba haujabadilishwa. Neno la muuzaji halina meno ya kuzungusha kemshafti.

Msimu wa fedha na msimu wa mkanda

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Huku kwetu fedha huja na korosho. Minada ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, kwa kawaida huanza Oktoba, na malipo hufuata. Mkanda haujui minada. Unaweza kufikia muda wake mwezi Machi, wakati mvua zimeharibu njia na fedha za msimu zimeshapata kazi nyingine.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme mkanda, vifaa vyake na ufundi ni shilingi 200,000. Bei ya kwenu mtaiuliza kwenu. Mkibadilisha kwenye kilometa 95,000 badala ya 100,000, mmepoteza sehemu moja ya ishirini ya maisha ya mkanda, yaani shilingi 10,000. Hiyo ndiyo hasara yote ya kuwahi. Kwa hiyo kama Desemba fedha zipo na muda wa mkanda utafika Machi, mbadilishe Desemba bila kusitasita. Na kama muda unafika Agosti, kabla ya minada, fedha ziwekwe kando tangu msimu uliotangulia, kabla ya godoro jipya na kabla ya michango ya sherehe.

Njia nyingine ni ya kibubu. Gari linalotembea kilometa 1,000 kwa mwezi hufikisha 100,000 baada ya miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4. Ukiweka shilingi 2,000 kila mwezi, siku ile utakuta 200,000. Haba na haba hujaza kibaba. Bei zikipanda, ongeza kidogo kila mwaka. Na kama mnalipata gari likiwa limeshatembea, gawanyeni fedha hiyo kwa miezi iliyobaki.

Wapi pa kubadilishia?

Mnyambe, Newala, Masasi, Mtwara, au Dar es Salaam? Kila mahali pana sifa yake. Newala ni karibu, na fundi wa karibu ni rahisi kumrudia. Masasi iko kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduru na Songea, magari mengi hupita, na kwa hiyo mafundi wameona injini za kila aina. Mtwara na Dar es Salaam zina maduka mengi zaidi ya spea.

Ushauri wetu ni huu: chagueni fundi kwanza, mji baadaye. Fundi aliyeshafungua injini kama yenu mara kumi, akiwa na gereji ya mabati, ni bora kuliko jengo zuri lenye kijana anayejifunzia kwenye gari lenu. Waulizeni walimu, manesi na madereva wa misheni wenye gari kama lenu ni nani aliyewabadilishia mkanda, na kama gari bado linakwenda.

Spea inaweza kutoka mbali na fundi akatoka karibu. Mkiwa na jina la injini na namba ya chesisi, ndugu aliye Mtwara au Dar es Salaam anaweza kuwanunulia mkanda katika duka linalotoa risiti. Mkanda wa bandia hufanana sana na ule halisi kwa macho, na bei ndogo mno ni onyo. Usinunuliwe mkanda uliotolewa kwenye gari jingine, hata ukionekana mzima.

Kuna hali moja ambayo jibu la "wapi" halina mjadala. Kama muda wa mkanda umeshapita sana, au hamjui historia yake na injini ni ya dizeli, msiteremke nalo gari kwenda kumtafuta fundi. Fundi ndiye apande. Nauli yake na chakula chake ni kidogo kuliko silinda hedi, na ni kidogo sana kuliko roho za watu mteremkoni. Kwa gari ambalo muda wake bado haujafika, unganisheni kazi hii na safari mliyoipanga, kama ya kupeleka watoto shule, ili msitumie mafuta mara mbili.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mama asiyejua ufundi anaweza kuuliza maswali ya ufundi, na fundi mwema hatachukia. Mwulize kwa heshima, "Fundi, pamoja na mkanda utabadilisha nini?" Atakayejibu kwamba anakagua beringi za kukaza mkanda na sili za oili zilizo mbele ya injini, huyo anajua. Katika injini kama 3S-FE na Subaru za EJ, mkanda huu huzungusha pia pampu ya maji. Pampu ikifa mwaka ujao, kazi yote itafumuliwa upya, basi ni heri ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mwulize pia, "Utahakikishaje kwamba alama za taimingi zimekaa sawa?" Jibu la kutuliza moyo ni kwamba ataizungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, na kuzitazama alama tena kabla ya kuliwasha. Kama kuna kitu kinagongana, mkono utakihisi kabla hakijavunjika. Akisema ataliwasha tu asikilize, mshukuruni na mtafute mwingine.

Mwisho mwombe akurudishie mkanda wa zamani. Utaonyesha kwamba kweli umebadilishwa, na mkiukunja na kuona nyufa, mtajua kama mlichelewa au mliwahi. Wala msimharakishe. Kazi hii huchukua saa kadhaa, na fundi anayesimamiwa na mtu mwenye haraka hukosea.

Tukizungumza na baba

Baadhi yenu mmetuuliza namna ya kulianza jambo hili bila kuonekana kwamba mnamfundisha mume kazi yake. Msilianzie barabarani, wala mbele ya wageni, wala siku gari lilipoharibika. Lianzeni jioni, watu wameshakula. Sema, "Baba watoto, nilikuwa napanga fedha za msimu. Mkanda wa gari tuuwekee mwezi gani?" Swali hilo halimlaumu mtu. Linampa baba nafasi ya kujibu, na linaiweka kazi hii kwenye mpango wa nyumba pamoja na ada na pembejeo. Kama gari linaendeshwa na dereva wa kuajiriwa, naye aitwe, kwa maana ndiye anayeona mita ya kilometa kila siku.

Kisha chukueni daftari. Andikeni jina la injini, tarehe mkanda ulipobadilishwa, kilometa za siku hiyo, jina la fundi, na kilometa na mwaka wa kubadilisha tena. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni hayo pia kwenye kikaratasi na kukibandika karibu na injini, ili hata atakayelinunua gari hilo kwenu asibaki akibahatisha.

Basi, akina mama, kabla mwezi huu haujaisha, fungueni boneti, msome kile kibao, na mwulizane nyumbani mkanda ulibadilishwa lini. Pasipokuwa na anayejua, mmeshapata jibu.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani mwenu na safari njema, za kupanda na za kuteremka.